Kaka yangu ni raia wa Marekani, sasa anataka mipaka ifungwe: ana hoja?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kaka yangu alikwenda Marekani kwa bahati nasibu ya viza, akabeba boksi miaka mingi, sasa ni raia na amemwoa Mmarekani mweusi. Tukiongea kwenye simu ananishangaza. Anasema mipaka ifungwe kabisa, kwa sababu wahamiaji wanaoingia sasa wanashusha mishahara na kuwanyang'anya kazi watu weusi wa kule. Wifi yangu anamuunga mkono. Mimi naona ni choyo tu: yeye kashapata, wenzake wasipate. Je, anayosema yana ukweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiharakishe kumwita kaka yako mchoyo. Analolisema lina chembe ya ukweli, ila nadhani amemshitaki mtu asiye wake.

Nianze na wifi yako, maana hoja yake ni ya zamani kuliko hiyo bahati nasibu. Mwaka 1853, utumwa ukiwa bado halali katika majimbo ya Kusini, Frederick Douglass, ambaye mwenyewe alitoroka utumwani Maryland, alilalamika hadharani kwamba kila saa inayopita mtu mweusi anapigwa kikumbo kazini na mhamiaji aliyeshuka melini juzi. Alizitaja kazi zenyewe: upagazi, ukuli wa bandarini, kunyoa, kupaka chokaa, utumishi wa majumbani. Wakati ule waliokuwa wakishuka kwa wingi ni Waayalandi, waliokimbia njaa ya viazi ya miaka ya 1840. Mwaka 1895 Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa watu weusi, katika hotuba yake ya Atlanta, aliwasihi matajiri weupe wa Kusini wasiwategemee wageni wenye lugha na desturi ngeni, bali wawape kazi watu weusi waliowalimia mashamba na kuwajengea reli bila kugoma. Hayo ya kutogoma yanauma kuyasoma leo. Lakini ndivyo mtu anavyoongea anapobembeleza mwajiri ambaye hamtaki.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza na meli za wahamiaji kutoka Ulaya zikakatika. Viwanda vya Chicago, Detroit na Pittsburgh vikaishiwa watu, na ndipo mawakala wakateremka Kusini kuwatafuta watu weusi, watu waliokuwepo siku zote na waliokuwa wakiitaka kazi siku zote. Vita vilipokwisha, sheria za 1921 na 1924 ziliubana mlango wa Ulaya, na safari ya kutoka Kusini ikaendelea: kati ya 1910 na 1970 watu weusi wapatao milioni 6 walihamia miji ya Kaskazini na Magharibi. Kwa hiyo familia kama ya wifi yako haikuokota hoja hii mtandaoni. Inawezekana kabisa babu wa babu yake alipata kazi yake ya kwanza ya kiwandani kwa sababu Mpolandi fulani alishindwa kuvuka bahari.

Lakini sheria ya 1924 haikutungwa kwa ajili ya huyo babu. Walioiandika waliamini kuwa watu wa Ulaya ya kaskazini ndio wenye damu bora. Iliwabana Wataliano, Wayahudi na Wapolandi, ikawafungia Waasia karibu kabisa, na Afrika ikaachiwa nafasi za kuhesabika. Mfumo ule wa kugawa nafasi kwa asili ya mtu ulidumu hadi 1965, rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria mpya chini ya Sanamu ya Uhuru, mwaka uleule aliposaini sheria ya haki ya kupiga kura iliyopiganiwa na watu weusi wa Kusini. Hili kaka yako alikumbuke: mlango alioingilia ulifunguliwa na upepo uleule wa harakati za kina wifi yako. Na bahati nasibu yenyewe, iliyoingizwa katika sheria ya 1990, walioipigania bungeni walikuwa wakiwafikiria zaidi Waayalandi waliokuwa wakiishi Boston na New York bila makaratasi. Katika miaka ya mpito watu wa Ireland walitengewa asilimia 40 ya viza zile. Waafrika walikuja kufaidi baadaye, bila mtu kuwapangia. Douglass angepata la kusema hapo.

Sasa tuje kwenye kazi zenyewe. Kesi ninayopenda kuwapa wanafunzi ni ya wasafishaji wa maghorofa ya ofisi Los Angeles. Katika miaka ya 1970 kazi hiyo ilikuwa na chama imara cha wafanyakazi, mshahara wa kueleweka na bima ya afya, na watu weusi walikuwa wengi ndani yake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 waliofagia maghorofa yale walikuwa hasa wahamiaji kutoka Mexico, El Salvador na Guatemala, na mshahara ulikuwa umeanguka vibaya. Ukiitazama picha ya mwanzo na ya mwisho tu, utasema kama kaka yako: wageni wamewanyang'anya wenyeji kazi.

Tatizo ni kilichotokea katikati. Wenye majengo waliacha kuajiri moja kwa moja au kupitia kampuni zenye mikataba ya chama, wakaanza kuwapa tenda wakandarasi wa usafi ambao walishindana kwa jambo moja tu, bei. Chama kikavunjika, bima ikafutwa, mshahara ukashuka. Wenyeji wenye pa kwenda wakaondoka, na mkandarasi akawaleta wasio na pa kwenda. Mgeni aliikuta kazi ikiwa tayari imeshaharibiwa. Kisha haohao wahamiaji, wengi wao bila makaratasi, wakaanzisha kampeni ya wasafishaji, wakaandamana Century City, mtaa wa maofisi hapohapo Los Angeles, mwezi Juni 1990, polisi wakawapiga virungu hadharani, na wakapata mkataba wa chama. Viwanda vya nyama vimepita njia hiyohiyo: kampuni zilihamisha machinjio kutoka Chicago na miji mingine mikubwa kwenda vijiji vya Iowa, Kansas na Nebraska, zikapambana na vyama miaka ya 1980, mishahara ikashuka, na baada ya hapo mabasi ya wahamiaji yakaanza kufika. Leo ukiingia baadhi ya machinjio hayo utasikia Kisomali na Kihispania, na hata Kiswahili cha Kongo.

Sisemi kwamba mgeni hana mchango wowote katika hadithi hii. Mwajiri anaweza kucheza hivyo kwa sababu anajua kuna mtu mwingine mlangoni. César Chávez, kiongozi wa wafanyakazi wa mashambani wa California na mwenyewe mtoto wa familia yenye asili ya Mexico, aliwapinga vikali vibarua wasio na makaratasi walioletwa kuvunja migomo yake. Muungano mkuu wa vyama vya wafanyakazi, AFL-CIO, ulibadili msimamo na kutaka watu hao wapewe makaratasi mwaka 2000 tu. Sababu ya kubadili ni rahisi: mtu anayeweza kufukuzwa nchini kwa simu moja ya bosi wake hawezi kugoma, na mtu asiyeweza kugoma anamshusha mshahara hata jirani yake aliyezaliwa palepale.

Wachumi nao wamegombana juu ya hili kwa miongo kadhaa, na uwanja wao mkubwa ni Miami. Mwaka 1980 Fidel Castro aliifungua bandari ya Mariel, na katika miezi michache Wakyuba wapatao 125,000 wakavuka, wengi wakabaki Miami. Nguvu kazi ya mji ikaongezeka kwa takriban asilimia 7 kwa mkupuo mmoja. David Card alichapisha utafiti wake mwaka 1990: mishahara ya watu wa elimu ndogo, weusi wakiwemo, haikwenda tofauti na ile ya miji iliyofanana na Miami. Miaka 25 baadaye George Borjas wa Harvard alizirudia takwimu zilezile, akawatazama wanaume ambao hawakumaliza sekondari peke yao, akasema mshahara wao ulianguka sana. Kisha Michael Clemens na Jennifer Hunt wakagundua kuwa katika miaka ileile waliohojiwa katika takwimu za serikali walibadilika, wanaume weusi maskini wakaongezeka ndani ya kundi hilo dogo. Wastani ukashuka kwa sababu waliohesabiwa si walewale. Mimi naona hoja ya Clemens na Hunt ina nguvu zaidi, ingawa Borjas hajaikubali. Na ujue jambo la kuchekesha kidogo: Card ni Mkanada na Borjas alizaliwa Havana, akaingia Marekani akiwa mtoto mwaka 1962. Kaka yako si mhamiaji wa kwanza kuwatilia shaka wahamiaji.

Mwaka 2016 Taasisi za Taifa za Sayansi za Marekani zilikusanya utafiti wote wa aina hii katika ripoti moja nene. Hitimisho lake: kwa muda mrefu athari kwa mishahara ya wenyeji kwa jumla ni ndogo sana. Pale inapoonekana, inawaangukia kwanza wahamiaji waliotangulia, kisha wenyeji ambao hawakumaliza sekondari. Soma tena hapo, wahamiaji waliotangulia. Anayeshindana hasa na mbeba boksi mpya ni mbeba boksi wa jana: Kiingereza chao kinakaribiana, ghala wanalofanyia kazi ni lilelile, na wakala anayewaita kwenye zamu ni mmoja. Hii ndiyo chembe ya ukweli niliyokuambia. Kaka yako anaweza kuwa anaongea kwa uzoefu wa mkono wake mwenyewe, na hilo si choyo.

Je, kufunga mlango kungempandishia mshahara? Marekani iliwahi kujaribu. Kuanzia 1942 ilikuwa ikiwaleta vibarua wa mashambani kutoka Mexico kwa mikataba ya msimu, mpango ulioitwa Bracero, na mwaka 1964 ikaufuta kwa matumaini hayohayo, kwamba mshahara wa Mmarekani wa shambani utapanda. Clemens na wenzake walipokuja kupima, hawakuona mshahara ukipanda kwa sababu hiyo. Wakulima wa nyanya wa California walinunua mashine za kuvunia, na mazao mengine yasiyovunika kwa mashine yalilimwa kidogo zaidi. Mwenye mtaji ana njia nyingi za kukwepa kulipa zaidi.

Nadhani lakini kinachomuuma wifi yako zaidi si mshahara. Mwaka 2022 gavana wa Texas, Greg Abbott, alianza kuwapakia waomba hifadhi, wengi wao Wavenezuela, kwenye mabasi kwenda Washington, New York na Chicago. Chicago ilikuwa imefunga takriban shule 50 mwaka 2013, karibu zote katika mitaa ya watu weusi na Walatino, kwa maelezo kwamba wanafunzi ni wachache na fedha hakuna. Miaka kumi baadaye, mwanzoni mwa 2023, jiji likaigeuza shule iliyofungwa Woodlawn, mtaa wa watu weusi, kuwa makazi ya wahamiaji. Fedha za ukarabati zilipatikana. Wakazi wa South Shore jirani walikwenda mahakamani kupinga mpango kama huo kwenye mtaa wao. Wengi waliosimama kwenye mikutano ile hawakuwa na neno na Mvenezuela. Walikuwa wanauliza kwa nini hazina huwa tupu wakiomba wao, na hujaa akija mwingine. Ukiliita swali hilo ubaguzi, utakuwa hujawasikiliza.

New York mambo yalikuwa makubwa zaidi. Jiji linabanwa na makubaliano ya mahakama ya 1981 kumpa kitanda kila asiye na makazi, na tangu 2022 wahamiaji zaidi ya 200,000 walipita mikononi mwake, wengine wakilazwa hotelini kwa fedha za walipa kodi. Wananchi wakauliza kwa nini watu wazima wenye nguvu zao wanalishwa bure. Sisi tuna methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria ya Marekani inakataza kumpa jembe. Mwomba hifadhi hapewi kibali cha kazi mpaka zipite siku 180 tangu awasilishe ombi lake, na ombi lenyewe linakwenda kupanga mstari katika mahakama za uhamiaji ambazo mwishoni mwa 2023 zilikuwa na kesi zaidi ya milioni 3. Kwa hiyo ama atalishwa na jiji, ama atafanya kazi ya magendo kwa bosi atakayemlipa anachotaka. Yote mawili yanamkasirisha jirani. Bunge ndilo lenye uwezo wa kubadilisha hilo, na Bunge limeshindwa: muswada mkubwa wa uhamiaji ulipita Seneti kwa kura 68 dhidi ya 32 mwaka 2013 na Baraza la Wawakilishi halikuupigia hata kura, na mwaka 2024 mwingine wa kubana mpaka ulikufia Seneti.

Faida na gharama haziangukii mahali pamoja, na hapo ndipo hasira nyingi zinapotoka. Taasisi ya utafiti wa kodi ITEP ilikadiria kuwa wasio na makaratasi walilipa kodi za dola bilioni 96.7 mwaka 2022. Zaidi ya nusu ilikwenda serikali kuu, na ndani yake mna mabilioni ya mfuko wa pensheni ambao wengi wao hawataruhusiwa kuugusa. Lakini darasa la mtoto asiyejua Kiingereza linalipiwa na jimbo na wilaya ya shule. Ripoti ile ya 2016 inasema hivyohivyo: kizazi cha kwanza kinagharimu majimbo kwa sababu ya elimu ya watoto, na watoto hao wakikua wanakuwa miongoni mwa walipaji wakubwa wa kodi nchini. Meya hawezi kusubiri miaka 25.

Springfield, Ohio, ni mfano mzuri. Mji uliokuwa na watu zaidi ya 80,000 miaka ya 1960 ulishuka chini ya 60,000, viwanda vikarudi, vikakosa watu, na Wahaiti wapatao 12,000 hadi 15,000 wakaja kwa vibali halali vya muda. Kodi za pango zikapanda, zahanati zikajaa, barabarani kukawa na madereva wasiozoea. Hayo yalikuwa matatizo ya kweli. Kisha Septemba 2024 yakafunikwa na uzushi kwamba Wahaiti wanakula mbwa na paka, uliotamkwa mpaka kwenye mdahalo wa urais. Vitisho vya mabomu vikafunga shule. Gavana Mike DeWine, Mrepublican aliyezaliwa pale, aliukanusha uzushi huo, akapeleka askari mashuleni na fedha kwa zahanati. Yeye ndiye aliyekuwa akiongelea tatizo lenyewe.

Uhalifu nitaupitia haraka. Kama kaka yako anasema wahamiaji ndio wahalifu, takwimu hazimuungi mkono. Texas hurekodi hali ya uhamiaji ya wanaokamatwa, na huko wasio na makaratasi hupatikana na hatia kwa kiwango cha chini kuliko wazawa.

Kuna sentensi moja ambayo naamini ameshakuambia: "Sisi tulifuata foleni." Mwulize kwa upole foleni ipi. Bahati nasibu haina foleni. Kompyuta ilimchagua yeye ikawaacha mamilioni. Kibarua wa Guatemala asiye na ndugu raia wala shahada anashindania viza za kudumu za wafanyakazi wasio na ujuzi, ambazo kisheria hazizidi 10,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Raia mwenye ndugu wa tumbo moja Mexico anamsubiri zaidi ya miaka 20. Na ambao kweli walifuata foleni, wakimbizi wa Kikongo walioko Nyarugusu kule Kigoma, waliohojiwa na kukaguliwa kwa miaka, walisimamishiwa safari Januari 2025 Donald Trump aliporudi madarakani. Chini ya Biden ukomo wa wakimbizi ulikuwa 125,000 kwa mwaka. Kwa mwaka wa fedha wa 2026 uliwekwa 7,500, na kipaumbele wakapewa Makaburu wa Afrika Kusini. Ukiona hivyo, hoja ya kwamba ugomvi wote ni wa utaratibu na foleni inakuwa ngumu kuiamini.

Wamarekani wenyewe hawana msimamo mmoja. Gallup, shirika la kupima maoni ya watu, walipouliza mwaka 2024, asilimia 55 walitaka uhamiaji upunguzwe. Mwaka mmoja baadaye, mpaka ukiwa umetulia na picha za watu wakikamatwa makazini zikiwa zimejaa kwenye simu, wakabaki asilimia 30, na asilimia 79 wakasema uhamiaji ni jambo jema kwa nchi. Mimi nasoma hivi: wengi wanachukia vurugu kuliko wanavyomchukia mgeni. Kaka yako huenda ni mmoja wao, na ukimbana kwa tusi la choyo hutamsikia tena akikueleza anachokiona kazini.

Na kwa kuwa pengine ndiye anayewatumia fedha hapo Tanga, mpe na hili. Tangu tarehe 1 Januari 2026 Marekani inatoza asilimia 1 ya fedha zinazotumwa nje, ikiwa mtumaji amepeleka noti taslimu, hawala ya posta au hundi ya benki. Mwanzoni muswada uliwalenga wasio raia, lakini sheria iliyosainiwa Julai 2025 inamtoza kila mtumaji, mwenye pasipoti ya Marekani akiwemo. Akituma kutoka kwenye akaunti yake ya benki ya kule, au kwa kadi ya benki iliyotolewa Marekani, hakatwi.